Miaka Yangu na Kapu la Magunzi

Wenzangu mnaoanza kazi ya kulea watoto wachanga vituoni: mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo, karai mbili na mkeka mmoja uliotafunwa pembeni, nikaaga. Mliniomba niwaandikie kidogo niliyoyaona. Vyeo sina vya kusimulia, maana nilianza mlezi na nimemaliza mlezi. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitawaeleza habari za mchanga, maji, magunzi na vifuu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, na wako ndugu zangu wa damu ambao mpaka leo hawaamini kuwa ni kazi.

Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, binti wa fundi cherehani. Shamba nililijua kwa kusimuliwa. Vijiji vya ujamaa vilipoanza, kina mama wakahitajika shambani na watoto wao wakahitaji pa kukaa, ndipo nikapelekwa Tumbi kwenye kozi ya miezi mitatu. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole asiyerudia neno, alitufundisha kwamba mtoto mchanga anasoma kwa viganja, kwa ulimi na kwa pua, miaka mingi kabla ya kukutana na kitabu. Nilinunua kalamu ya wino mwekundu niandikie yale ya muhimu tu. Kozi ilipoisha nikakuta daftari zima ni jekundu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Magindu, kwenye kijiji cha wakulima na wafugaji. Siku ya kwanza nilikabidhiwa watoto kumi na mmoja, hakuna hata mmoja anayetembea, na wote wanalia. Nilisimama mbele yao na daftari langu nikasema, "Hamjambo, watoto?" Wakazidi kulia. Vifaa nilivyopewa vilikuwa karai moja, mkeka, na mwanasesere wa plastiki aliyetoka kwa wafadhili, mweupe, macho ya buluu, anayefumba macho ukimlaza. Nikamtoa kwenye boksi ili awatulize.

Watoto walimtazama kidogo. Halafu wakapiga ukelele ambao uliwatoa baba zao zizini na fimbo mkononi. Mzee mmoja alimchukua yule mwanasesere, akamlaza, macho yakafumba. Akamsimamisha, yakafumbua. Akarudia mara tatu, kisha akanirudishia kwa vidole viwili.

"Binti," akasema, "hiki kitu kinalala kwa amri ya nani?"

Tangu siku hiyo mwanasesere alikaa boksini, akatolewa tu wanapokuja wageni. Watoto walilia kila mara, na wageni waliandika kwamba watoto wa Magindu wana vifua vizuri.

Nikalirudia daftari. Nikaokota magunzi ya mahindi, nikaomba vifuu, nikakata dodoki kavu, nikaweka vyote ndani ya kapu la ukindu katikati ya mkeka. Kimya kilichofuata sitakisahau. Mtoto mmoja alilishika gunzi akaligeuza dakika nzima, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Nilifurahi nikaenda kukoroga uji. Niliporudi nikamkuta ndama mkekani, watoto wamemzunguka kwa heshima, naye ameshamaliza magunzi yote na anaanza kapu. Kwenye taarifa ya mwezi niliandika kwa unyofu, "Vifaa vya kufundishia vimeliwa." Ofisini wakanijibu kwa barua yenye mhuri: vimeliwa na nani, na kwa kibali cha nani?

Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa Kisarawe, kijiji kimoja upande wa Vihingo, penye mikorosho na msitu wa kutosha kumpoteza mtu wa Dar. Huko ndiko nilikofundishwa kazi. Aliyenifundisha hakuwa na cheti. Ni Bi Tausi, mpishi wa uji wa kituo, mama aliyezaa kumi na mmoja na kulea wa watu wengine asiowahesabu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akalitazama daftari langu, akauliza, "Na hilo linanyonya?"

Bi Tausi alikuwa anavuta ugoro, na kikopo chake cha ugoro ndicho kilikuwa kipimo chetu. Kila kinachotaka kuingia kapuni kinajaribiwa kwanza humo. Kikiingia kikoponi na kifuniko kikafunga, basi kinaweza kuingia kooni mwa mtoto, kinatupwa. Mbegu za ubuyu zilikataliwa, kokoto zikakataliwa, hata jiwe moja zuri jeupe nililolipenda mno. Vifuu tulivisugua kwa majani ya msasa mpaka ukavipitisha shavuni bila kukwaruzwa. Mchanga wa mtoni tuliuchekecha, tukauanika. Udongo wa mfinyanzi tulitoa mawe na mizizi, tukauponda kwa maji kila asubuhi kwenye karai, ukawa laini kama uji mzito. Korosho yenye ganda lake hairuhusiwi hata kupita mlangoni, maana mafuta yake yanababua. Na juu ya yote kulikuwa na amri moja: kitu kipya, mlezi anajisugua nacho kwanza shavuni na shingoni, kisha anakilamba.

"Onja kwanza weye," alikuwa akisema. "Ukifa, tutajua hakifai."

Kwa hiyo vijana wangu, naweza kusema bila majivuno kwamba nimeilamba nusu ya Kisarawe. Gunzi jipya lina utamu kidogo. Dodoki halina ladha. Kifuu kina ladha ya mlango.

Wazazi hawakutuelewa mara moja. Mama mmoja alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi nimemleta mwanangu asome. Gunzi hata kwangu lipo!" Mwingine akalalamika kwamba mtoto wake amerudi nyumbani na udongo mdomoni. Bi Tausi akamjibu bila kuinua macho kwenye sufuria: "Mwanangu, ulipokuwa na mimba yake ulikula udongo wa kichuguu chote kile pale njia panda. Huyo anafuata nyayo." Kina mama wakacheka, na yule mama naye akacheka, kwa kuwa kichuguu kilikuwa kinaonekana kutoka pale tulipo na kweli kilikuwa kimepungua.

Sasa nifike kwa Rajabu. Mama yake, Zuhura, alikuwa mjane kijana, hana mama mkwe wala dada wa kumwachia mtoto. Kabla hajamleta kwetu alikuwa akimlaza kivulini kwenye tuta la mihogo huku akilima. Siku moja siafu walipita pale. Zuhura alimkuta mtoto analia kilio kisicho na sauti tena, na siafu wamemjaa mikononi. Vidonda vilipona. Ila Rajabu, tangu hapo, hakufungua viganja. Alifunga ngumi, gumba ndani, akazibeba hivyo mchana kutwa. Wenzake walipoanza kutambaa, yeye alijivuta kwa viwiko, kama mtu anayepita chini ya seng'enge. Ukimwekea gunzi mbele, anakunja uso. Zuhura alikuwa akimfungua vidole usiku akiwa amelala, ili amwoshe. Aliniambia hivyo huku anatazama pembeni, na niliumia sana.

Nilitaka kumfungua kwa nguvu kidogo kidogo. Bi Tausi alinikataza. "Ngumi haifunguliwi. Anayefungua ni mwenyewe, siku atakapoona kitu anachokitaka kuliko anavyoogopa." Tukaanza na miguu, kwa kuwa miguu siafu hawakuigusa. Tulimkalisha, tukammwagia mchanga wa uvuguvugu kwenye nyayo, kesho yake maji, siku ya tatu majani ya mgomba. Miezi miwili tukafanya hivyo. Vidole vya miguu vikawa hodari mno, akaweza kunyakua dodoki kwa mguu. Mikono ikabaki vilevile. Mkikutana na mtoto wa namna hiyo, anzeni na mahali pasipouma, na msiwe na haraka.

Haraka alikuwa nayo mwingine. Katibu wa kijiji, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu sasa ni mtu mzima wa kuheshimiwa, alikuwa kijana aliyeletwa kwetu kutoka mikoa ya baridi, kule ambako alisema maji ya kunywa yanauma meno. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na korosho za kijiji na hakuwa na ghala, na jengo la bati lilikuwa moja tu, letu. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia.

"Dada Hawa," aliniambia, "mimi sina ugomvi na watoto. Lakini nikiangalia humu ndani naona mchanga, maji na magunzi. Vitu hivyo viko nje bure. Korosho zikinyeshewa, kijiji kinakwama. Watoto wakinyeshewa, wanakauka."

Aliandika wilayani kwamba kituo hakina shughuli. Wilayani wakajibu kwamba Bwana Maendeleo atakuja aone kwa macho yake na aamue palepale. Zuhura aliposikia alinifuata mpaka kisimani. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Wakifunga, dada, nimrudishe kwenye tuta?" Nikajifanya ndoo imenizidi uzito.

Asubuhi ya ugeni Katibu aliamka mapema kuliko majogoo ili apambe. Mbele ya kituo alisimamisha banda la makuti kwa ajili ya meza kuu, na kwa kuwa alikuwa na jicho la uzuri, aliingia msituni na mti mrefu na panga, akakata mimea inayotambaa, akaiburuta kwa kamba, akaitundika juu ya viti vya wageni. Nilipofika nikasimama kuitazama. Ilikuwa na maganda marefu yenye manyoya laini ya kahawia yanayong'aa juani, mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutia kapuni. Katibu alikuwa anajikuna shingo, akasema ni shati jipya. Nikanyoosha mkono nichume ganda moja nijisugue shavuni, kama sheria ya kazi inavyotaka.

Kofi lililonipiga mkono lilitoka kwa Bi Tausi.

"Teremsha hicho, baba," akamwambia Katibu. "Kitatuadhiri."

"Ni nini, bibi?"

"Hakitajwi."

Ndivyo walivyo wazee wa huko. Mmea ule hawautaji jina wakiwa karibu nao, husema ukisikia unaitwa, unaamka. Lakini Katibu alikuwa ametoka semina wiki ileile, na somo lilikuwa kupiga vita ushirikina. Akajinyoosha. "Bibi, kijiji hiki hakiwezi kuongozwa na mambo yasiyotajwa. Kama ni uchawi, sema ni uchawi."

"Mimi nimesema teremsha."

"Nami nimesema hakiteremki."

Bi Tausi hakubishana. Alinisukuma ndani, tukabeba watoto wawili wawili, karai zao na mkeka, tukawahamishia nyuma ya nyumba, upande upepo unakotokea. Tulipofika huko ndipo akaniinamia sikioni akanitajia: "Upupu."

Neno nilikuwa nalijua tangu utotoni, nani asiyelijua? Sura yake ndiyo sikuwahi kuiona. Nilikimbia kurudi mbele, lakini gari lilikuwa limeshafika, mgeni ameshakaa chini ya maganda yale, na Mwenyekiti wetu, mzee mnene mwenye suti moja ya Kaunda, ameshaanza risala. Nikanyoosha mkono.

"Maswali baadaye," akasema Mwenyekiti.

Nikaunyoosha tena. Katibu akanikata jicho. Upepo wa kiangazi ukaja taratibu, ukayatikisa yale makuti, nami nikaona vumbi la dhahabu linashuka juani, juu ya kola za viongozi.

Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye mahitaji ya ghala. Akazungusha mabega. Akasema, "Ndugu mgeni rasmi, korosho," akarusha mkono wa kulia juu kuufikia mgongo. Wananchi walipoona mkono umepanda wakadhani ni salamu ya "Uhuru!", wakaitikia kwa nguvu, "Na kazi!" Akarusha wa kushoto. "Na kazi!" Mgeni rasmi, mtu mwembamba wa miwani, alijitahidi kukaa kama kiongozi kwa muda ambao mimi nisingeweza, kisha akasimama akaanza kujisugua mgongo kwenye nguzo ya banda. Nguzo ikatikisika, na maganda yakamwaga yote yaliyobaki. Katibu alitoka mbio na ndoo ya maji.

"Maji hapana!" Sauti ya Bi Tausi ilitoka nyuma ya nyumba kabla ya mwenyewe. "Wala msijikune! Vueni mashati, yaacheni hapohapo. Hawa, lete udongo wa watoto!"

Wakubwa watatu wa nchi wakasimama kwenye kona ya kituo, vifua wazi, macho yamefumbwa, na Bi Tausi akawakandika udongo wetu wa mfinyanzi kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kama anayekandika nyumba. Akausubiri ushike, akaubandua pamoja na vinywele vya upupu, akauzika. Akakandika tena, akabandua tena. Watoto hakumruhusu hata mmoja kusogea. Alipokandika mara ya tatu, udongo mpya kabisa wa kupoza ngozi, ndipo akawakalisha kivulini karibu na mkeka wakauke. Mgeni alikuwa anatetemeka. Nilimvua viatu na soksi, nikaitumbukiza miguu yake, ambayo haikuguswa na kitu, kwenye karai ya udongo laini.

Akashusha pumzi ndefu. "Dada," akasema, "huu udongo mnaufanyaje mpaka ukawa hivi?"

Basi nikamwambia. Nikamwambia kuchekecha na kuponda, nikamwambia kikopo cha ugoro, msasa, miguu kabla ya mikono. Nilieleza vizuri kuliko siku nyingine yoyote maishani, pengine kwa sababu msikilizaji alikuwa amekandikwa na hawezi kuondoka. Aliniuliza kama watoto nao husikia raha namna ile. Nikasema hatujui, hawajaweza kutuambia.

Kidole gumba cha mguu wake kikachomoza kwenye matope, kikacheza. Rajabu alikuwa amejivuta kwa viwiko mpaka ukingoni mwa karai. Alikitazama kile kidole. Kikazama. Kikachomoza tena. Rajabu akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kicheko kifupi cha kukoroma, akainua ngumi, na ngumi ikafunguka. Vidole vitano, vyeupe kwa ndani kwa kukaa gizani. Akavitumbukiza matopeni akalikamata dole gumba la Bwana Maendeleo wa wilaya na kulivuta kwa nguvu zake zote, na ngumi ya pili nayo ikafunguka ije kusaidia.

Bi Tausi aliniminya paja nisipige kelele. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Mgeni alitutazama mmoja mmoja, hakuelewa, akanong'ona, "Nisitikisike?"

"Usitikisike, baba," akasema Bi Tausi.

Akakaa hivyo mpaka udongo wa mgongoni ulipopasuka. Alipoelezwa habari za siafu alivua miwani, akaifuta, akaichafua zaidi. Kabla hajaondoka, amevaa shati la kuazima, aliwaambia Mwenyekiti na Katibu wajenge ghala la miti na makuti kabla ya msimu, na kwamba jengo lile lisiguswe. Katibu akasema ndiyo mzee. Kesho yake alikuja mwenyewe, amevimba masikio, akauliza kwa adabu kama kapuni kunahitajika kitu kutoka msituni. Bi Tausi akamwambia asituletee.

Baada ya pale nimefanya kazi miaka mingi, nimelea watoto wa watoto wale, nimeyaona mengi ambayo nanyi mtayaona bila msaada wangu. Lakini nataka nimalize na jioni ile.

Zuhura alirudi kutoka shambani na jembe begani, amejifunga kanga yake, na najua hakuwa na nyingine. Alishasikia kwamba kituo kimebaki, akaja anashukuru tangu njiani. Nikampa mtoto. Akaona mikono imejaa matope mpaka viwikoni, akaanza kuniambia samahani, atamwosha, ingawa sabuni kijijini ilikuwa haijaonekana kwa wiki kadhaa. Kisha akakishika kiganja kimoja, akakigeuza, akakishika cha pili.

"Nani kamfungua?"

"Mwenyewe," nikasema.

Nilikuwa tayari na kata ya maji nimmwagie. Akanizuia kwa mkono. Akambeba Rajabu hivyohivyo na matope yake, viganja viwili vimetanda mgongoni mwake juu ya kanga, akaenda nyumbani polepole, akipita njia ndefu inayozunguka kijiji kizima.